Namba ya Saa Moja

Nyumba ya kipimo, mtoni
2 Juni

Cheche wangu,

Marahaba. Najua uliniamkia kwenye barua iliyopita na mimi sikuitikia, kwa hiyo naitikia leo. Mzima? Unakula? Usiniambie unakula umesimama mbele ya zile saa zenu za ukutani. Mimi ni mzima wa kutembea, ukiacha goti la kushoto ambalo kila nikitaka kuinuka lina la kusema. Kuku wamebaki saba. Paa la jikoni lilikuwa linavuja, nimeliziba mwenyewe, na usimwambie baba yako nilipanda ngazi. Yeye hajambo? Mwambie suruali yake ya kahawia bado ninayo, imekuwa tambara la kufutia taa, na haijawahi kufanya kazi ya maana namna hiyo alipokuwa akiivaa yeye.

Sauti yako naisikia kila asubuhi redioni. Saa moja kamili mimi nasema namba, wewe unasema "imepokelewa", basi. Kuna siku natamani kukuuliza kama umelala vizuri, lakini ofisi nzima inasikia, na mkuu wenu, huyo mnayemwita Bwana Ratiba, angetuandikia onyo wote wawili. Ndiyo maana namshukuru dereva wa ofisi. Kila baada ya wiki mbili, siku ya Alhamisi, anakuja kuchukua karatasi za vipimo, na barua zetu anaziweka chini ya kiti.

Nimeandika kukushukuru. Wiki tatu hizi, kila nikisema maji yako chini ya sentimita arobaini kwenye nguzo ya kipimo, lango la bwawa linafunguliwa kabla ya saa tatu. Wenzako walikuwa wanangoja hadi wanywe chai. Najua kila maji mnayoniachia mimi ni maji yasiyoingia kwenye bomba lenu kwenda kugeuza mitambo ya umeme kule bonde la pili, na yakishakuja huku hayarudi. Mtu wa mjini ataniona mchoyo. Lakini sasa ndio msimu samaki wadogo wa mapezi mekundu wanapanda kutoka dimbwi la chini kwenda la juu kutaga, na kati ya madimbwi hayo kuna ngazi ya mawe. Maji yakipungua, mawe yanatoka nje, na samaki wanabaki chini wakizunguka hadi ndege wanawamaliza. Niliyaona hayo miaka mitatu iliyopita na sitaki kuyaona tena. Usiwaruhusu wafunge.

Shangazi yako


Nyumbani, mjini
30 Juni

Shikamoo Shangazi,

Samahani kwa kimya. Barua yako niliijibu siku ile ile, lakini tarehe 17 gari la ofisi lilikufa gia kabla hata ya kutoka getini, na barua nikaichana kwa sababu habari zote zilikuwa zimechacha. Sisi hatujambo. Baba anakusalimu sana. Suruali anasema ni ya heshima na anaidai. Ana kikohozi kidogo, msimu wa vumbi unaujua.

Mgao wa umeme umeanza. Ziwa nyuma ya bwawa limeshuka hadi tunaona mashina ya miti iliyokatwa kabla sijazaliwa. Kwenye chumba chetu kuna ubao wenye mitaa yote ya mji, kila mtaa na taa yake ndogo ya kijani, na kila baada ya saa nne tunazima mitaa miwili na kuwasha mingine. Mtu anayezima ni mimi. Nakaa kwenye kile kiti cha magurudumu manne ambacho kimebaki na matatu, nageuza swichi, na najua kabisa nani yuko nyuma ya ile taa. Mtaa wa fundi cherehani wetu. Mtaa wa zahanati, ambayo jenereta yake inakohoa kuliko baba. Watu wameanza kunisalimu kwa mkato nikitoka kazini. Juzi muuza maziwa aliniuliza, kwa upole tu, kama maji ya mto yana bili.

Sikulaumu, Shangazi. Sheria ni sheria: namba ikiwa chini ya arobaini, lango la mto linafunguliwa, na mimi ninalifungua. Bwana Ratiba mwenyewe anakunja uso lakini anasaini.

Kuna kitu kimoja nataka nikuulize. Tuna jedwali la lango. Nikilifungua mizunguko miwili, jedwali linasema maji kwenye nguzo yako yatafika arobaini na saba. Wewe ukasema arobaini na moja. Nikifungua mmoja na nusu, linasema arobaini na nne, wewe ukasema thelathini na nane. Nimerudi nyuma siku ishirini na nne. Kila siku ni pungufu ya sita, haizidi wala haipungui. Labda nguzo imeinama. Labda jedwali letu ni la zamani. Ukipata nafasi, itazame nguzo, halafu uniambie.

Mwanao,
Cheche


Nyumba ya kipimo
14 Julai

Cheche,

Marahaba mwanangu. Nimefurahi kupata mwandiko wako, ingawa unaandika haraka mpaka herufi zinakanyagana. Kuku mmoja ametoroka, sasa ni sita. Goti limepata dawa ya kuchua kutoka kwa dereva, inanuka hadi kuku wengine wanafikiria kumfuata mwenzao. Mama wa ng'ambo ya mto ameozesha binti yake wa mwisho. Nilipeleka sufuria mbili na zimerudi na kifuniko kimoja.

Samaki wameanza kupanda. Wanapanda alfajiri, kuanzia mwanga wa kwanza hadi jua linapopiga mawe, kisha wanatulia kwenye madimbwi kutwa nzima. Jumapili nilihesabu mia mbili na kumi nikachoka. Wanajirusha, wanakosa, wanarudi nyuma, wanajaribu tena. Nilikaa pale na chai yangu hadi ikapoa.

Ila na mimi nina la kuuliza. Mbona baba yako haandiki mwenyewe? Tangu mwaka mpya salamu zake zinapita kwako. Mtu aliyekuwa akiniandikia kurasa tatu kunieleza jinsi ya kupiga pasi kola, leo ananitumia salamu za maneno mawili? Kama amenuna kwa ajili ya suruali, mwambie nitamnunulia nyingine.

Nguzo haijainama.

Shangazi yako


Nyumbani
28 Julai

Shikamoo Shangazi,

Natumaini goti limepoa na kuku wametulia. Hapa nyumbani nimehamishia kitanda cha baba sebuleni, chini ya dirisha la barabarani. Anasema apate kuona watu.

Nimekaa na karatasi hii siku tatu. Baba alinikataza kukwambia, nikaapa, na sasa navunja kiapo. Si kikohozi, Shangazi. Ni mapafu, yamechoka tangu Januari. Daktari amempa mashine ya oksijeni, inakaa kando ya kitanda, ina mlio wa kunguruma mchana na usiku, na mrija wake unaingia puani. Haandiki kwa sababu mkono unatetemeka, na anajua ungeuona mwandiko ukajua. Alisema, "Dada yako akisikia hili ataacha kazi yake aje kunitazama nikilala. Mwache na mto wake." Alikuwa anasema kuhusu wewe mbele yangu kana kwamba mimi ndiye mdogo wako. Siku hizi anachanganya kidogo akikosa hewa.

Mashine inatumia umeme. Ina betri ya saa mbili. Mgao ni wa saa nne.

Saa mbili zinazobaki mimi na jirani tunamkalisha wima, tunampepea kwa gazeti, na yeye anafanya mzaha kwamba sasa amekuwa mfalme. Mara mbili tumemkimbiza zahanati kwa mkokoteni wa muuza maji. Jumanne iliyopita namba yako ilikuwa thelathini na nane. Nilifungua lango. Kufika saa tano ziwa likawa limeshuka chini ya alama, Bwana Ratiba akasema tuongeze mtaa mmoja kwenye mgao, na zamu ilikuwa ya mtaa wetu. Nikageuza swichi. Kwenye ubao ilizimika taa ndogo tu, ya kijani.

Sikuombi kitu. Nimekwambia kwa sababu umeuliza, na kwa sababu nimechoka kukuandikia salamu za uongo.

Cheche


Nyumba ya kipimo
29 Julai, alasiri

Cheche wangu,

Dereva amenipa barua yako saa nane, akasema ana haraka, akaondoka kabla sijafika mstari wa tatu. Kwa hiyo hii itakaa hapa mezani hadi tarehe 12, na utakuwa umeshanisikia redioni kabla ya kuisoma. Naiandika hata hivyo. Nisipoandika sasa kesho nitajipaka mafuta nionekane mzuri kuliko nilivyo.

Sita ni zangu. Nguzo imesimama wima na jedwali lenu ni sahihi. Kila asubuhi natazama maji, natoa sita, ndipo nabonyeza redio. Msimu wa tatu huu. Ile arobaini yao waliipanga watu waliokaa kwenye viti, walikuja hapa mara moja, mvua ikinyesha, na viatu hawakuvua. Kwenye arobaini ngazi ya mawe ni kavu. Samaki wanapita maji yakiwa arobaini na sita, chini ya hapo hakuna. Niliandika barua mbili kwa ofisi kuwaeleza. Ya kwanza haikujibiwa. Ya pili ilijibiwa kwamba nishughulike na kusoma. Basi nikasoma nitakavyo mimi.

Nina daftari langu. Namba ya kweli iko humo kila siku, na saa samaki walipopita, na wangapi. Leo nimekaa nimelifungua tangu dereva aondoke, na kuna jambo nimeliona. Nilikuandikia mwenyewe kwamba wanapanda alfajiri tu. Daftari zima linasema hivyo: muda wa saa tatu, basi. Na mimi nilikuwa najichukulia maji ya kutwa nzima, mchana kweupe, samaki wametulia dimbwini hawahitaji chochote, maji yanapita tu nayatazama nafurahi. Saa tatu zingetosha. Zile nyingine ishirini na moja nilikuwa naziiba, na sasa najua nilikuwa namwibia nani.

Wewe hungenisema. Najua umeshajua, umehesabu siku ishirini na nne halafu ukaniuliza kuhusu nguzo kwa adabu. Ungebaki katikati, ukifungua lango kwa namba ya shangazi yako na kumzimia baba yako umeme, hadi moyo ukupasuke. Kwa hiyo kesho saa moja nitasema mwenyewe, ofisi nzima ikisikia, ili pasiwe na mtu wa kukuuliza kama ulijua.

Nampenda ndugu yangu. Na mto huu naupenda. Sikujua kama nilikuwa nawagombanisha.

Shangazi yako


Nyumbani
11 Agosti

Shikamoo Shangazi,

Sijui kama umeniandikia, gari linakuja kesho, lakini siwezi kungoja.

Ijumaa ile nilikuwa zamu na wenzangu wawili, na Bwana Ratiba alikuwa mlangoni anapiga msasa kucha zake kwa kisanduku cha kiberiti. Saa moja ikafika. Ukasema, "Namba niliyokuwa nikiwapa ingekuwa thelathini na tisa. Namba ya kweli ni arobaini na tano. Ni hivyo kwa misimu mitatu. Nimedanganya mimi peke yangu." Ilikuwa zamu yangu kusema imepokelewa na sauti haikutoka. Ulingoja, Shangazi, nilikusikia ukipumua kwenye redio. Mwishowe Bwana Ratiba alikuja akabonyeza kitufe akasema yeye, "Imepokelewa." Kisha akaniambia nipunguze lango. Nilipunguza. Mkono ulikuwa mwepesi mno, na nimejichukia kwa hilo.

Barua ya kukuachisha kazi utaipata pamoja na hii. Nilimwomba aandike "kustaafu". Alikataa. Alisema mpimaji akishabadilisha namba moja, namba zake zote za nyuma zinakuwa hadithi, na ni kweli. Lakini jioni aliniita akaniuliza kama una namba za kweli mahali popote. Nikasema nakujua, lazima unazo. Amesema tarehe 26 atakuja mwenyewe na gari. Tafadhali usimkaribishe kwa matusi.

Na mimi nina langu la kukiri. Nilijua tangu Juni. Nilijiambia kazi yangu ni kufuata namba, si kuichunguza, na nyuma ya maneno hayo nilijificha vizuri kabisa. Nilipokuandikia habari za mashine nilisema sikuombi kitu. Uongo mtupu. Nilikuwa naomba.

Mgao wa mtaa wetu umepungua hadi saa mbili, na betri inatosha. Baba analala.

Nilimweleza yote. Nilidhani atacheka, au atakutukana kwa mapenzi kama kawaida yenu. Aligeukia ukutani, na hadi leo, siku ya kumi na mbili, hajalitaja jina lako. Sikutaka kukwambia, lakini tumeshakubaliana kuacha salamu za uongo.

Cheche


Nyumba ya kipimo
8 Septemba

Cheche wangu,

Marahaba. Hukupata barua yangu tarehe 26 kwa sababu gari lilikuwa na mkuu wako ndani, na singeweza kumpa abebe barua inayomsema.

Alikuja na viatu vya mpira. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, lakini mtu aliyekuja na viatu vya mpira unamchukiaje? Aliketi jikoni akasoma daftari tangu saa tano hadi saa tisa, hakunywa hata maji, anafunua ukurasa anarudi nyuma. Kisha akaniomba nimwonyeshe ngazi ya mawe. Alipofika pale alichuchumaa. Akaniuliza, "Kwa nini hukutuletea hili?" Nikamwambia nililileta mara mbili. Akasema barua ya pili alijibu yeye.

Ameamua hivi, na umeshajua kuliko mimi: arobaini ibaki kutwa, na kila alfajiri kwa saa tatu lango liongezwe hadi arobaini na sita, msimu wote wa kutaga. Anasema hata hivyo yanayokwenda mtoni ni machache kuliko niliyokuwa nikichukua. Kazi hajanirudishia, na sikuomba. Namba anasoma sasa mama wa ng'ambo, yule wa sufuria. Anasoma kilichopo.

Jumatatu maji ya kwanza ya alfajiri yalifika. Nilishuka nikasimama mbali, sina kitabu wala kalamu. Samaki walipanda. Si wengi kama Julai, wengi walikuwa wamekata tamaa, lakini walipanda, na jua lilipopiga mawe maji yakashuka taratibu na mimi nikarudi ndani. Nililia kidogo. Goti halikusema kitu.

Kuhusu baba yako, nimesoma. Siku kumi na mbili ni haki yake. Akitaka mia, pia ni zake.

Shangazi yako


Garini, mbele ya nyumba yenu
23 Septemba

Cheche,

Mpe dereva shukrani, nimemtuma agonge mlango akupe hii. Usitoke kwanza. Isome hapo hapo ulipo.

Niko ndani ya gari, naliona dirisha lenu. Miaka kumi na minane sikulala nje ya nyumba ya kipimo hata usiku mmoja, kwa sababu ya namba ya saa moja. Mama yako alipofariki nilikuja asubuhi nikaondoka jioni, na baba yako alinisindikiza hadi hapa nilipo sasa bila kunilaumu. Leo nimefunga mlango, kuku nimewaacha kwa mama wa ng'ambo, nimekuja na sanduku. Nilikuwa na hotuba nzuri. Tumepanda mlima wa mwisho ikanitoka yote.

Nenda kamwambie ndugu yangu niko nje. Usinipambe. Mwambie nilimkatia pumzi kwa mkono wangu mwenyewe, sikujua, lakini nisingekuwa mwongo nisingehitaji kujua. Mwambie naomba kukaa karibu naye, na mgao ukija nimpepee mimi, wewe ukalale. Akikubali, fungua pazia. Akigeukia ukutani, liache. Dereva amesema anaweza kungoja nusu saa, na nitarudi naye, na sitakasirika.

Sanduku nimelishika mapajani.

Shangazi yako


(Nyuma ya karatasi hiyo hiyo, kwa kalamu ya risasi, herufi kubwa zinazopanda na kushuka:)

Dada,

Cheche anataka kuandika yeye, nimemnyang'anya kalamu. Pazia siwezi kulifikia na yeye nimemzuia, maana jambo hili si la kuambiwa na pazia.

Nilikasirika. Si kwa ajili ya umeme. Nilikasirika kwamba nilikuficha ugonjwa ili usiuache mto, na wewe kwa kutojua ukawa unanimaliza, na kosa nusu yake ni langu, na sikuwa na pumzi ya kulisema.

Shuka. Leo mtaa wetu unazimwa saa mbili usiku. Tutakaa gizani wote wawili.

Mdogo wako